"Hilo Limelipiwa": Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa manispaa yetu, Mstahiki Meya na waheshimiwa madiwani

YAH: VIBAO VYA KANDO YA BARABARA, VIDOGO NA VIKUBWA

Ndugu Mkurugenzi, Mstahiki Meya, waheshimiwa madiwani, salaam.

Mimi ni fundi wa kuandika vibao. Nilianza kwa kuosha brashi za mwalimu wangu, enzi za bati na rangi ya mafuta, na leo nina hata mashine ya kukatia stika, ingawa umeme ukikatika narudi kwenye uzi na chaki. Ukiingia mjini kwetu kutokea upande wa mizani, kibao cha kwanza cha gereji ni mkono wangu. Cha saluni kinachofuata pia, na kile cha "Tunanyosha bodi" chenye kosa la herufi ambalo mwenye gereji alinikatalia kulirekebisha. Nayasema haya mapema asije mtu akasimama kwenye kikao chenu na kudai natetea ugali wangu. Ndiyo, natetea ugali wangu. Ila kuna jingine, na hilo ndilo lililonikalisha usiku huu kuandika.

Mwezi uliopita, saa kumi na mbili asubuhi, nilipigiwa simu na mama lishe mmoja ambaye ni mteja wangu. "Fundi, kibao changu hakipo." Nikadhani ni vijana wa chuma chakavu, maana skwea paipu siku hizi haikai nje ikalala salama. Baadaye kidogo mlinzi wa duka la jirani akamwambia: usiku lilipita gari la manispaa, likang'oa vibao vyote upande wa soko.

Mama huyu hadi mwaka 2021 alikuwa akipika barabarani kabisa, chini ya mkungu. Dereva wa bodaboda alikuwa anakula bila kushuka kwenye pikipiki. Oktoba ya mwaka ule, wamachinga na mama lishe walipotakiwa kuondoka kando ya barabara, yeye hakubishana na mtu. Alibeba sufuria zake akaingia ndani ya soko, kizimba alichopangiwa, safu ya nne, nyuma ya wauza mitumba. Miezi ya mwanzo alikuwa anamwaga wali jioni. Pilau hainuki mita 60. Ndipo akanijia tukatengeneza kibao cha futi mbili kwa tatu, bati bapa, rangi ya njano, maandishi meusi: CHAKULA TAYARI, mshale, INGIA NDANI MITA 60. Alinilipa elfu hamsini na tano kwa mafungu matatu, fungu la mwisho likiwa sahani za wali samaki za wiki nzima. Kwa hiyo mkumbuke kwamba kuingia ndani mlimwingiza nyinyi. Kilichobaki barabarani kwa niaba yake kilikuwa kile kibao.

Tulikwenda yadi ya manispaa wote wawili. Vibao vimelundikwa ukutani, vingine kifudifudi, miguu imekatwa kwa grainda. Nikavihesabu: 38, na kati ya hivyo 11 ni vyangu. Siwezi kukosea, kwa sababu R yangu ina mkia unaopinda kwenda juu, kasoro niliyoirithi kwa mwalimu wangu, naye sijui aliitoa wapi. Kulikuwa na cha kinyozi, cha fundi cherehani, cha duka la pembejeo, cha shule ya awali. Kulikuwa na cha zahanati kilicholazwa chali, mshale wake umeelekea mawinguni, nikasema moyoni hapa mgonjwa akiufuata atafika pengine kabisa.

Kijana wa yadi hakuwa na ubaya. Alitupa hata benchi tukae. Akasema faini ni elfu hamsini, ukilipa unaondoka na kibao chako. Mama akamuuliza, "Mwanangu, nikilipa nikirudishe pale pale?" Kijana akacheka. "Mama, ukikirudisha pale tutaking'oa tena." "Basi nikakiweke wapi?" Hapo hakuwa na jibu. Akatutuma dirisha la biashara. Dirisha la biashara likatutuma mipango miji. Mipango miji wakatuuliza: kwani pale ni barabara ya TANROADS au ya TARURA? Yaani ni ya wakala wa barabara kuu au wa barabara za mitaa? Hilo si swali la kumuuliza mama wa wali maharage aliyefunga jiko lake tangu asubuhi. Yeye aliijua kama barabara ya sokoni.

Dirishani kwa huyo afisa, ukitazama nje, unaliona bango kubwa la kwenye kona ya shule ya msingi. Liko karibu na lami kuliko kibao cha mama. Nikamwonyesha kwa kidole: "Na lile, mkuu?"

Akajibu bila kuinua kichwa. "Hilo limelipiwa."

Ndugu Mkurugenzi, barua hii yote ni juu ya maneno hayo mawili.

Lile bango nalijua kwa sababu nimelipanda. Mwaka jana niliitwa kama kibarua kusaidia kubadilisha fleksi, lile turubai lenye picha. Upana mita sita, kimo mita tatu, nguzo mbili za chuma, na chini wameziba kwa mabati mpaka ardhini ili watu wasijisitiri nyuma yake. Limesimama upande wa ndani wa kona, pale barabara inaposhuka kutoka mlimani, na zebra ya wanafunzi iko mbele yake. Nikiwa juu, nimejifunga kamba kiunoni, ndipo nilipoona kitu ambacho ukiwa chini hukioni: dereva anayeshuka haioni ile zebra. Anaona picha. Zebra anaionea upande wa pili wa picha.

Fedha ya kazi ile nilipokea nikaila. Sikumwambia mtu. Hilo ni langu, silisukumi kwa mwingine.

Baada ya siku ya yadi nilirudi pale alfajiri ya Jumapili, gari moja moja, nikapima kwa futi kamba. Kutoka mahali dereva anapoanza kumwona mtoto aliyesimama ukingoni, mpaka kwenye mstari wa kwanza wa zebra, ni mita 25. Mwendo wa makazi ni kilomita 50 kwa saa, kama mtu anautii. Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mita 25 hazifiki sekunde mbili. Dereva aliye macho, mwenye breki nzuri, kwenye lami kavu, anazihitaji karibu mita zote hizo ili asimame. Lori lenye shehena ya mahindi halisimami. Na kile ni kipande ambacho malori ya mahindi hushuka.

Nendeni saa moja kasorobo asubuhi mkawaone wanafunzi. Nimewaona wawili, mkubwa wa kama darasa la sita amemshika mdogo wake kwenye kamba ya begi. Hawawezi kuangalia kulia wakiwa ukingoni, kwa sababu kulia kuna bati. Kwa hiyo mkubwa anashuka hatua moja ndani ya lami, anatoa kichwa kama mtu anayechungulia mlango wa jirani, anarudi, anasubiri, anatoa tena. Mdogo anafanya vile vile, anaiga. Ndivyo anavyofundishwa kuvuka.

Sasa kwa nini kibao cha futi mbili kinang'olewa usiku na hili linabaki? Wengi mtaani watasema rushwa. Mimi sina ushahidi wa rushwa na sisemi rushwa. Nadhani jambo lenyewe ni la kawaida zaidi kuliko hivyo, na kwa kuwa ni la kawaida linatisha zaidi.

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za mitaa, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi, ardhi ya pembeni iliyotengewa barabara, ya zile kubwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukianzia katikati ya barabara. Wananchi tuliisoma sheria hiyo kwenye kuta za nyumba zetu zilizotakiwa kubomolewa: X nyekundu huna chako, X ya kijani una fidia. Ada ya bango nayo ni habari nyingine. Ni ya halmashauri. Mwaka 2017 ukusanyaji wake ulipelekwa TRA, mamlaka ya mapato, miaka michache baadaye ukarudishwa huku. Kwa hiyo nguzo moja iliyochimbiwa kando ya mtaro ina wakubwa wawili, mwenye ardhi na mwenye ada. Mwenye ardhi anatakiwa kuuliza kibao kimesimama wapi. Mwenye ada anauliza kina ukubwa gani, kwa sababu bango hutozwa kwa ukubwa wake.

Hapo ndipo penye shida. Upana na kimo cha bango huingiza fedha. Umbali wake kutoka kwenye zebra hauingizi hata senti. Nimewaona maofisa wenu mara nyingi wakija na futi kamba, na sijawahi hata siku moja kumwona mmoja akiivuta kuelekea barabarani. Huivuta kulia na kushoto, juu na chini, anaandika, anakwenda zake. Kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini, inatoka, mteja analipa, risiti inabandikwa ukutani ofisini. Tangu siku hiyo ile risiti imekuwa kibali cha mahali, ingawa mahali penyewe hakuna aliyepatazama.

Na kinyume chake ni kweli. Kibao kidogo hakiingizi kitu cha maana, na kumfuata mama lishe kwa elfu chache kila mwaka ni gharama ya mafuta ya gari. Kwa hiyo hana anayemtembelea, hana anayemwambia sogeza mita mbili, anaachwa tu mpaka siku ya operesheni.

Niwape siri moja ya kazi yetu. Fundi wa vibao hupima herufi kwa umbali: inchi moja ya kimo cha herufi kwa kila futi kumi za msomaji. Herufi za mama yule ni za inchi tatu. Zinasomeka vizuri kwa futi 30. Kinamsemesha mtu wa miguu, mtu wa baiskeli, bodaboda anayejivuta akitafuta cha kula. Hakimtafuti dereva wa lori wala hakimzibi. Bango la kona lina sentensi tatu, bei, masharti kwa herufi za mchwa, na namba mbili za simu. Dereva wa mwendo wa 50 hawezi kuyasoma yote. Akijitahidi kuyasoma, macho hayako barabarani. Na zile skrini za mwanga mlizoanza kuziruhusu kwenye mzunguko, usiku zinavyowaka nyeupe ghafla baada ya tangazo jeusi, mwenye miwani kama mimi hupita pale kwa kubahatisha.

Sitaki mnielewe kwamba wadogo tuko safi. Tunapigilia misumari kwenye miembe. Tunachimbia vibao katikati ya njia ya miguu, mlemavu wa macho anakuja na fimbo yake anagonga bati kwa paji la uso. Mimi mwenyewe niliwahi kusimamisha kibao cha duka la simu mbele ya alama ya barabarani, jioni, haraka haraka, kwa sababu mteja alitaka kionekane, na nikakihamisha tu baada ya trafiki mmoja kunisema mbele za watu. Waganga wa kusafisha nyota wanabandika karatasi kwenye kila nguzo ya umeme na hakuna gari la manispaa lililowahi kuwaweza, ukibandua leo kesho zimeota. Na waheshimiwa madiwani mniwie radhi, lakini sura zenu za kampeni bado zinatutazama kutoka kwenye ukuta wa stendi, nyingine jua limezifuta macho. Hizo nazo zililipiwa?

Kwa hiyo siombi muache kung'oa. Ng'oeni. Ila kwanza tuambieni pa kusimama.

Nilipoomba kuisoma sheria ndogo ya mabango nilionyeshwa faili la Kiingereza lisiloruhusiwa kutoka ofisini, nikapewa dakika kumi. Bunge lilishabadilisha jambo hili mwaka 2021, lugha ya sheria zetu ni Kiswahili. Na sheria ndogo, kabla ya kwenda kwa Waziri, wananchi hutakiwa kutangaziwa watoe maoni. Tangazo hilo kama lilibandikwa, lilibandikwa mahali ambapo hata mimi, mtu anayeishi kwa kusoma kuta, sikuliona. Ninachotaka ni ukurasa mmoja. Uandikwe: kutoka ukingo wa lami mita kadhaa, kutoka zebra mita kadhaa, kutoka makutano mita kadhaa, njia ya miguu ibaki wazi kiasi hiki, chini ya kibao paachwe nafasi kiasi hiki. Ubandikwe kwa kila mtendaji wa mtaa. Mama lishe ana futi ya fundi cherehani jirani yake, atapima mwenyewe.

Inawezekana. Jiji la São Paulo kule Brazil lilifuta mabango yote ya matangazo ya nje kuanzia Januari 2007. Sipendekezi hilo, tutakufa njaa mimi na wanangu. Ninachokipenda kwao ni jinsi walivyoshughulika na vibao vya maduka. Duka lenye uso usiofika mita kumi, kibao kisizidi mita moja na nusu za mraba. Uso wa mita kumi mpaka mia, kisizidi mita nne za mraba. Basi. Haihitaji afisa kuja na gari. Mtu mwenye kinyozi anajua yuko ndani au nje ya sheria kabla hajanunua rangi, na mwenye kampuni kubwa anajua vile vile, na wote wawili kipimo chao kinatoka kwenye ukuta, hakitoki mfukoni.

Jambo la pili, geuzeni mpangilio. Kwa sasa mtu analipa kwanza, mahali patajulikana mbele ya safari. Iwe mahali kwanza. Mtu wa barabara na mtu wa manispaa waje siku moja, pamoja, wasimame pale penyewe, waseme ndiyo au hapana, watie alama ya rangi chini. Alama ikiwepo, ndipo kontroo namba itoke. Bila alama, hakuna malipo ya kupokea, hata mteja awe na haraka gani na fedha yake mkononi. Najua mnaposikia hivyo mnafikiria mapato ya robo mwaka. Nami naelewa, madawati na matundu ya vyoo vya shule hutoka humo humo. Lakini shule hiyo hiyo ndiyo yenye zebra.

Kwa masoko na vituo vya mabasi, mngeweza kufanya jambo dogo zaidi. Simamisheni nguzo moja imara pembeni ya lango, nafasi iliyopimwa, yenye ngazi za vibao vyembamba vya ukubwa mmoja: chakula, kinyozi, dawa, cherehani, kila kimoja na mshale. Mfanyabiashara anakodi ngazi yake kwa mwaka. Anaonekana, mtaro unabaki wazi, nanyi mnapata ada yenu bila kumkimbiza mtu usiku. Kama mtakubali kuanza na soko letu, nguzo ya kwanza nitaiandika mimi bila malipo. Rangi tu mtanunua, na isiwe ile ya bei ya chini inayopauka kabla ya masika.

Na hivyo vibao 38, visiuzwe kwa chuma chakavu kabla wenyewe hawajaitwa. Majina yao na namba zao za simu zimeandikwa juu ya vibao, kwa herufi kubwa. Ndiyo kazi ya kibao. Kuwapata si upelelezi.

Kuhusu bango la kona, sisubiri sheria ndogo mpya. Halihitaji kuvunjwa. Linaweza kusogezwa kwenda juu ya mlima, baada ya lango la kiwanda cha mbao, ambako barabara imenyooka na hakuna kivuko. Nimepapima. Likikaa hapo litaonekana vizuri zaidi kuliko linavyoonekana sasa, hata mwenye bango atanishukuru. Kazi ya kulihamisha ni ya siku mbili: kukata nguzo, kuchimba, zege, winchi.

Mama bado hajalipa ile faini. Ameweka kipande cha boksi kwenye mti, ameandika mwenyewe kwa mkaa, CHAKULA NDANI, na mshale umeelekea upande usio wake. Watu wanaishia kwa wauza mitumba.

Jumatatu ijayo nitakuwa pale kwenye zebra kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka wanafunzi waishe kuvuka, na futi kamba yangu ya mita 50. Mtume mtu mmoja tu aje ashike upande wa pili.

Wenu,
Fundi wa vibao, nyuma ya stendi ya zamani